Mwalimu Isack Mwita Marwa, Aliyewaomba Wenyeviti Wawili Wapokezane

Mwalimu Isack Mwita Marwa alizaliwa Tarime tarehe 14 Machi 1976. Akili aliichukua kwa baba yake. Sura, kila mwenye macho anaona, ilitoka upande wa mjomba.

Alisoma Tarime, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2006 alikuja Texas kusomea udaktari wa historia ya Japani. Ndugu walitegemea daktari wa sindano. Wakapata mtaalamu wa namna wanajeshi wa kale walivyoendesha miji. Alifundisha chuo kimoja huko Garland mpaka afya ilipomkatalia.

Mwaka 2008 alifunga ndoa na Flaviana, muuguzi, aliyelishwa habari za Japani kila mlo na bado hakuondoka.

Mwaka 2017 jumuiya yetu ya Waafrika Mashariki hapa Texas ilipasuka, ikawa na wenyeviti wawili: Mama Theodora wa Garland na Bwana Kariuki wa Mansfield. Mwalimu akawaita nyumbani, akawapikia. Akawaeleza kwamba mji wa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, serikali ya kijeshi iliuweka chini ya mahakimu wawili, wakipokezana mwezi kwa mwezi. Asiye na zamu alifunga lango, hapokei shauri jipya, anamalizia aliyokwisha kuyapokea. Na mji wa watu kama milioni moja ukaenda.

"Sawa, Mwalimu," akasema Theodora. "Ila Februari simo. Siku ishirini na nane? Mnanipunja mchana kweupe!"

"Kwa hivyo nichukue mimi?" akajibu Kariuki. "Mama, mimi si tairi la akiba."

Mwalimu akaweka kijiko chini. "Mahakimu wenye panga mbili kiunoni waliweza. Nyinyi mna simu tu, mnashindwa!"

Figo zilianza kumsumbua 2018, wakahamia Pearland kuwa karibu na hospitali za Houston. Kila wenyeviti walipokuja kumwona aliwauliza, "Februari mmeimaliza?" Nao wakamwambia apumzike kwanza. Alifariki Jumapili, 3 Novemba 2019, jibu hajalipata.

Wiki hii wameshindana tena, nani awapokee waombolezaji mlangoni mwa kanisa. Flaviana akawakatiza: "Shemeji Kariuki, dada Theodora, mtakaa viti vya nyuma. Watu watapokewa na wanangu."

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, Abigail na Deo, mjomba mmoja, na jumuiya moja yenye wenyeviti wawili. Mungu ampe utulivu ambao sisi tulimnyima.