Mama Kipimo na Damu ya Ini

Ndugu, jamaa na marafiki, dada yetu mliyemzoea kwa jina la Mama Kipimo alizaliwa tarehe 9 Machi 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, mtoto wa pili kati ya sita, na tuseme ukweli, alikuwa mbishi tangu utotoni, hakubali jambo mpaka alipime mwenyewe.

Alimaliza sekondari mwaka 1973, akasomea ufundi wa maabara, na tarehe 2 Januari 1977 aliajiriwa chuoni, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye harufu ya spiriti na pampu iliyonguruma kutwa, kazi yake ikiwa kupitisha damu kwenye maini ya kondoo kutoka machinjioni. Fundi umeme aliyeitwa kutengeneza pampu hiyo alirudi mara tatu ilhali ni nzima, wakafunga ndoa tarehe 14 Juni 1980, wakajaliwa mabinti wawili, ambao kabla ya kujua kusoma walijua kwamba ini hupata damu kwa mishipa miwili, mmoja kutoka utumboni na mwingine kutoka moyoni, na kwamba damu ya utumboni ikipungua, kemikali iitwayo adenosini, ambayo kwa kawaida husombwa na damu hiyo, hubaki na kurundikana, ikautanua mshipa wa moyoni ili ini lisipungukiwe. Jamani, tulicheka sana siku zile.

Mwaka 1988 majaribio ya miezi kumi na minne yaliharibika, mshipa ukagoma kutanuka, kwa sababu mtu aliongeza kasi ya pampu na kemikali yote ikasombwa, na kwa kuwa ufunguo wa chumba alikuwa nao dada, lawama zikamwangukia, akapelekwa stoo kuosha chupa kwa miaka sita. Mama yetu alipomuuliza, alijibu tu, "Mimi sikuigusa," lakini jina lake kuchafuliwa kulimuuma mpaka mwisho.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2015. Agosti 2023 aligundulika kuwa ini lake mwenyewe limesinyaa, akamweleza daktari wa zamu habari za mishipa ile miwili mpaka daktari akavuta kiti, na alifariki tarehe 5 Februari 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi sebuleni, na wafanyakazi wenzake, akiwemo aliyekuwa mkuu wa maabara ile, aliyekaa pale mbele, ambaye jana alasiri alituletea karatasi akaomba isomwe kama alivyoiandika: "Pampu niliiongeza mimi, nilikuwa na haraka, nikamwacha abebe lawama zangu."

Tumeisoma, dada, na watu wote wamesikia. Sasa pumzika, kwa amani.