Papa Stanislas na Zamu ya Madimba

Miaka thelathini na minne Papa Stanislas Kabemba ameongoza fanfari, bendi ya wapulizaji ya kiwanda chetu cha shaba hapa Likasi, na Ijumaa hii, tarehe 26 Juni, anaiweka chini fimbo yake. Husemwa siku kama hii ni ya furaha. Jamani, tusidanganyane.

Alianza kama fundi umeme. Wakubwa walichoka kumkuta akipuliza klarineti kwenye chumba cha mota, wakamkabidhi fanfari nzima. Amesindikiza maiti wetu na maharusi wetu, na aliyechelewa mazoezi hakusalimika na ulimi wake. Mimi Georgette wa stoo, mpuliza klarineti, nayajua hayo vizuri mno.

Kazi yake kubwa ni kipande kifupi cha muziki, cha wapulizaji wanne na madimba, zile mbao za kugonga zinazopangwa juu ya vibuyu. Alikitunga na rafiki yake Rémy, mwana wa Kasai, aliyechonga kila ubao hadi madimba yakalingana kwa sauti na king'ora cha kiwanda. Mazoezi ya kwanza, tulipopuliza noti ya mwanzo, ile ile ya king'ora, watu wa tanuri walidhani zamu imekwisha, wakabeba mifuko yao.

Kisha kifua kikamchukua Rémy, kabla kipande hakijasikika mbele ya watu. Papa Stanislas akayafunika madimba kwa shuka. Orpha, binti wa Rémy, aliyefundishwa na baba yake, aliomba nafasi ya kuyapiga mwaka baada ya mwaka. Jibu lilikuwa moja: "Ile iko ya Rémy." Nilikasirika, nasema wazi. Papa angestaafu hivyo, kipande nacho kingekufa.

Juma lililopita, mazoezi yake ya mwisho, aliiondoa shuka mwenyewe. Tukapuliza. Ilipofika zamu ya madimba, mkono wake ulibaki hewani, ukashindwa kutoa ishara. Orpha, aliyekuwa amesimama kando ya madimba, hakungoja. Aliingia sawasawa kama baba yake. Papa akaketi, akalia mbele yetu sote, nasi tukamaliza bila kuongozwa. Alipojifuta machozi alisema, "Sasa minaweza kuenda."

Ijumaa tutakipiga mbele ya wote. Papa, asante kwa kutulea na kwa kutugombeza. Mungu akupe uzee mtamu pamoja na mkeo, Mama Marcelline. Keti naye safu ya mbele, usikilize tu. Na zamu ya madimba ikifika, mkono wako ukiinuka wenyewe, uache. Tutajua unamwita nani.