Mwandishi Yuko Getini

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyeacha kazi zako ukaja kutuzindulia kitabu. Ndugu Meneja wa uchapishaji. Bibi Mkutubi, mwenye ukumbi huu. Mama yetu mzazi, uliyekaa mstari wa mbele na kitabu umekikumbatia. Ndugu waalikwa, na kina dada wenzangu wa saluni mliofunga kazi leo: nawaamkua nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimepewa dakika tano nimtambulishe mwandishi, ambaye ni mdogo wangu, tumbo moja. Mshereheshaji amewaomba radhi kwamba mwandishi amechelewa kwa sababu, kwa maneno yake, "bado anajiremba, si mnawajua wanawake?" Mkacheka. Nami nilitabasamu, kwa adabu. Nitalirudia hilo.

Mimi si mtu wa fasihi. Nilisoma hadi kidato cha nne, na kwa miaka kumi na tisa nimekaa mapokezi ya saluni, nikiandika nani anakuja saa ngapi kufanywa nini. Jioni naandika shajara yangu. Kwa hiyo nitakayoyasema yana tarehe.

Tarehe 14 Machi, miaka kumi na moja iliyopita. Bosi wetu alileta krimu mpya ya kung'arisha uso, akasema, "Nani atanunua dawa kwa msichana asiyeitumia?" Macho yake yakatua kwa mdogo wangu, msusi wetu hodari. Akapakwa. Baada ya dakika sita akaniambia, "Dada, inawasha." Nikamjibu bila kuinua macho kwenye daftari, "Ikiwasha ndiyo inafanya kazi." Ndivyo tulivyowajibu wateja wote; lilishakuwa kama salamu. Akavumilia dakika kumi na nne nyingine, kwa sababu aliyesema ni mimi. Shavu lake la kushoto lina alama kama ya pasi mpaka leo.

Ndugu wageni, watu wanauliza: kwa nini wanawake siku hizi wanaandika mambo ya kutisha? Si waandike mapenzi tu? Nimemsikia bwana mmoja pale nyuma akiuliza hivyo huku anafungua soda ya pili. Swali zuri. Bwana, umewahi kukaa dakika ishirini dawa ya nywele inakuunguza utosi, na aliyekupaka anakusimulia harusi ya binamu yake? Umewahi kumwona mwanamke machozi yanamtoka, na papo hapo anasema, "Endelea tu, shoga, nakaza roho"? Sisi hatukwenda kutafuta vitisho kwenye majumba ya kale yenye popo. Tuliviwekea miadi, saa nne asubuhi, kwa kalamu ya wino.

Katika kitabu hiki kuna saluni. Kila mteja anayetoka amependeza ameacha uso wake chumba cha nyuma, na nyuso hizo zinafuliwa na kuanikwa kambani pamoja na taulo. Mwanamke mmoja anatoroka kabla hajavuliwa wake. Anafika nyumbani, anakuta mwanamke mwingine ameketi mezani, ni yeye mwenyewe aliyerekebishwa, na mume anamwongezea mchuzi. Anagonga mlango. Mtumishi anachungulia na kumwambia, "Mama mwenye nyumba yumo ndani."

Huo ni ukurasa wa tisini na nne. Tarehe 2 Juni mwaka huu Ndugu Meneja aliandika pembeni mwa mswada kwa kalamu nyekundu: "Haiaminiki. Watu hawawezi kushindwa kumtambua mtu halisi." Nililinakili neno kwa neno.

Tarehe 20 Agosti vitabu vikaja. Jalada la mbele lina mkono uliokatwa, unachuruzika damu ndani ya kopo la krimu. Huo ulipita bila pingamizi. Jalada la nyuma lilipaswa kuwa na picha ya mwandishi na shavu lake lenye alama, na hilo ndilo lililoonekana la kutisha. Fundi wa picha akalilainisha, akapunguza na pua akiwa hapo hapo, na ngozi akaigeuza chai ya maziwa. Mdogo wangu alipouliza aliambiwa, "Tusimwogopeshe msomaji." Mama aliitazama picha ile kwa muda mrefu, akamwambia mdogo wangu, "Mwandishi mzuri kweli, mwanangu. Na wewe wamekuweka ukurasa gani?"

Sasa nirudi kwa mshereheshaji. Mdogo wangu hajirembi. Alifika saa nane na nusu, kabla yenu nyote. Yuko getini, kwenye benchi, na gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya leo. Mlinzi ameagizwa amruhusu mwandishi bila kadi, na amepewa picha ya kumtambulia, hii hii iliyo kwenye bango nyuma yangu. Nilikwenda mwenyewe kumweleza. Akaitazama picha, akamtazama mdogo wangu, akasema kwa upole, "Dada, huyu na huyu wapi na wapi? Mwandishi akija nitamjua."

Simlaumu. Ukimwondoa mama, katika jengo hili ni yeye peke yake aliyeitazama picha ile kwa makini.

Nikamwendea Ndugu Meneja. Akaninong'oneza, "Subiri wapiga picha waondoke, tutamwingiza kwa mlango wa nyuma." Ndugu Meneja, pokea hongera zangu. Ukurasa wa tisini na nne sasa unaaminika.

Mwaka ule nilimwambia avumilie, na sikuinua macho. Leo nimeyainua. Kitabu hiki kisizinduliwe mpaka aliyekiandika aingie kwa mlango ule ule mlioingilia ninyi, na shavu lake.

Mama, naona umesimama. Usinipungie mkono, nakaribia kumaliza... Kumbe unakwenda getini. Jamani, mpisheni mama. Mlinzi amebishana nami na picha mkononi. Tuone kama ataweza kubishana na aliyemzaa.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio mliyonipa. Sasa naomba na macho yenu: yageuzieni mlangoni.