Kimeo Kilichobaki

Mwakeye, mama zangu. Leo sikai. Nikikaa nitalia, acheni niseme nimesimama.

Mnajua huku kwetu mtoto akikohoa bila kukoma, wakubwa humfungua mdomo. Wakiona kile kinyama kinachoning'inia kooni kimevimba, wanasema kimeo hicho, kikatwe. Mtoto wangu wa kwanza alikatwa. Damu ikakataa kukauka. Tulimzika kule Murungu.

Wa pili alipopata mafua, hata maharage sikupalilia. Namfungua mdomo, naangalia. Nateka maji, narudi kuangalia. Chekundu! Kimevimba! Mama mkwe akafika na mkataji, wembe umefungwa kwenye kitambaa.

"Mwanangu, tukichelewa atakabwa."

Ndugu zangu, nawaambia, yule mama alimpenda mjukuu wake. Lakini mimi nilimfunga mtoto mgongoni nikatoka bila kuaga, bodaboda hadi zahanati.

Nesi akamsikiliza kifua, akamwangalia koo.

"Virusi vya mafua vimeingia, mwili umeshtuka," akasema. "Unapeleka damu nyingi pale ili upigane navyo. Ndiyo maana pua imeziba, koo jekundu, joto limepanda. Kimeo kimevimba pamoja na koo lote. Vita ikiisha, kitanywea chenyewe."

"Kisiponywea?"

"Akipumua kwa shida au akikataa kunyonya, mrudishe mbio. Wembe, hapana."

Nikarudi, nikamkuta mkataji anakunywa uji wangu! Nikamwambia mtoto hakatwi. Mama mkwe akaninunia. Nami nikawa kama kuku anayetafuta pa kutagia, hapa sikai, pale sikai. Nanyonyesha, nafuta makamasi, naangalia koo. Mpaka asubuhi moja nikaona kimenywea. Hivyo tu.

Juzi mafua yakamshika mama mkwe. Akapanua mdomo, "Hebu niangalie." Nikaangalia. Chekundu, kimevimba.

"Nilete wembe, mama?"

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema taratibu, "Kumbe na yule wa kwanza yalikuwa mafua tu."

Tulilia wote wawili.

Namshukuru yule nesi. Nanyi mlionishika mkono tukizika, Mungu awakumbuke. Namshukuru na mama mkwe, maana ndiye aliyesema nisimame niwaambie: koo likivimba, mwili uko kazini. Mpelekeni mtoto apimwe, wembe uacheni.

Yuko pale nyuma, kampakata mjukuu. Mnamsikia mtoto anavyokohoa? Miguu yangu inataka kwenda kumwangalia, kweli. Lakini mwacheni akohoe.