Fundi Elamine na Bustani Iliyopimwa Mwezi wa Ramadhani

Fundi Elamine Abdourahamane, mchora ramani wa ofisi yetu ya upimaji hapa Mahajanga, aliingia kazini tarehe 2 Aprili 1979 na anastaafu tarehe 31 Desemba 2018. Ni miaka thelathini na tisa na miezi tisa. Yeye mwenyewe angesema "kasoro siku moja", maana ni mtu wa vipimo, lakini leo kalamu ninayo mimi.

Kurasa za Kimalagasi na za Kifaransa za kijitabu hiki cha kumuaga zimeandikwa na wenye vyeo. Ukurasa huu wa Kiswahili nimepewa mimi, Chamsia, mpiga chapa. Nimezaliwa na kulelewa Unguja kabla ya ndoa kunileta huku Madagaska, na dada yake Fundi, Bi Moinaecha, anaishi huko huko Unguja. Ameshatuambia kwa simu kwamba hataki kutumiwa makaratasi asiyoweza kuyasoma. Haya, Bi Moinaecha, kaa kitako tukusimulie habari za nduguyo.

Fundi alizaliwa hapa Mahajanga. Mwanzoni mwa mwaka 1977, baada ya zile siku za kuuawa na kufukuzwa ambazo sisi wenye asili ya Ngazija hatuzitaji bila kushusha sauti, baba yake alifunga nyumba akahamisha familia kisiwani Nosy Be. Ofisi yetu ilikuwa na tawi kule, chumba kimoja na meza moja, na kijana akapokewa kushika ncha ya utepe wa kupimia. Baada ya miaka miwili alikuwa anachora mwenyewe. Ramani zake za wakati ule tunazo bado, na mistari yake imenyooka kuliko ya mashine tulizonunua juzi.

Kisa chake cha Nosy Be kinajulikana na ofisi nzima. Bwana mmoja alitaka kujenga hoteli Ambatoloaka, enzi hizo kijiji kitupu, akampigia Fundi hatua ufukweni kumwonyesha kiwanja chake kinapoishia. Fundi akamuuliza kwa adabu kama anataka hoteli ya maji kujaa au ya maji kupwa. Bwana yule alikasirika. Jioni bahari ikarudi, na nusu ya hoteli yake ikawa chini ya maji kabla haijajengwa. Fundi alicheka kisa hicho miaka mingi, na tutaona kilichompata yeye, kwa sababu nyani haoni kundule.

Mwaka 1986 aliomba mwenyewe kuhamishiwa Mahajanga. Watu wa kwao walimuuliza anarudi kutafuta nini katika mji uliowafukuza. Alijibu kwamba amezaliwa humo na hajamaliza kuupima. Basi akaja, na mkewe na watoto wawili, na rula yake ya mti ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Kufanya naye kazi kuna raha zake na adhabu zake. Hatua yake ni sentimita sabini na mbili kamili. Ukifuatana naye sokoni huwezi kuongea, kwa sababu anahesabu. Harusi ya binti yangu alilipima jukwaa la bibi harusi akatuambia limepinda, na wallahi lilikuwa limepinda. Kwenye feri ya kuvukia Katsepy yeye hutapika kila safari, kwenda na kurudi, na bado kila safari hupanda wa kwanza. Wachoraji watano walioko ofisini leo wamefunzwa naye wote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia Fundi akimpazia sauti. Mimi nimempazia yeye, mara nyingi, kwa habari ya sukari ya chai.

Sasa niseme habari ya bustani, ambayo ndiyo iliyonifanya niombe ukurasa huu.

Mwaka 1990 mji ulitaka bustani mpya kwenye kiwanja kilichokuwa nyuma ya soko la mtaani, na ofisi yetu ikapewa kuichora. Kazi akapewa Fundi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na miwili, na mkubwa wetu alikwishamwambia kwamba bustani ikipita, mwezi wa Januari atakuwa mkuu wa wachoraji. Barua ilikuwa imeandikwa, inangoja saini tu. Watoto wakati huo walikuwa wamefika wanne.

Akaenda kupima kiwanja. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, naye amefunga, kwa hiyo alikwenda asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Siku kumi na mbili alikwenda, siku kumi na mbili hakukuta mtu. Alikuta mawe meusi yamepangwa matatu matatu, akayaandika kwenye daftari lake: "Mawe ya zamani. Hapatumiki." Papo hapo juu ya mawe akachora chemchemi ya maji ya kuruka, duara zuri ajabu. Akaizungushia nyasi za kutokanyagwa, mabenchi ya chuma, na ua wa vyuma wenye lango la kufungwa saa kumi na mbili jioni.

Looo! Mawe yale yalikuwa mafiga. Mtaa ule nyumba ni chumba kimoja cha bati, na hakuna anayeweza kupikia shughuli nyumbani kwake. Harusi, hitima, tohara, zote zilipikwa pale, Waislamu na wasio Waislamu, kila mmoja kwa zamu. Ramadhani hakuna harusi, ndiyo maana mafiga yalikuwa baridi. Na mwanamume wa kwetu huletewa sahani akala. Sufuria imetoka wapi, hiyo si kazi yake kuuliza.

Mwezi wa Agosti mchoro ukatundikwa kwenye ukuta wa mbele wa ofisi kwa wiki tatu, na chini yake daftari la maoni na kalamu imefungwa kwa uzi. Hatukutarajia watu. Walikuja kama wanakwenda kutazama mpira. Wavuta pusipusi waliegesha vigari vyao na kuwasomea abiria. Wasiojua kuandika walimpa maneno yao aliye nyuma yao kwenye foleni. Yakafika maoni mia moja themanini na sita, na mimi ninayakumbuka mengi. Mmoja aliandika: "Mabenchi yote yamepeana mgongo. Nani kagombana na nani?" Mwengine: "Nyasi tusikanyage, maji tusiguse, jioni tutoke. Tupeni picha yake tuitundike nyumbani, itatosha." Mvuta pusipusi aliuliza miti iko wapi. Mmoja hakuweka jina, akaandika: "Mchoraji ni mgeni. Arudi kwao."

Na Bi Zoubeida, mpishi wa shughuli wa mtaa ule, alimwandikisha mjukuu wake ukurasa mzima: "Chemchemi yenu mmeiweka juu ya mafiga yetu. Hapo nimepika hitima ya mume wangu na harusi za mabinti zangu watatu. Akifa mtu baada ya magharibi, tupike wapi? Au tufe kwa saa za lango lenu?"

Fundi alilisoma daftari lote amesimama. Kesho yake, Jumamosi, alikwenda kiwanjani. Safari hii kulikuwa na harusi. Alikuta moshi, wanawake zaidi ya thelathini na masufuria yanayoingia mtu mzima. Walimpa sahani ya pilau kabla hawajamjua. Walipomjua, walimwacha amalize kwanza, kisha wakamsema mpaka adhuhuri.

Jumatatu akaomba aichore bustani upya. Mkubwa wetu wa wakati huo, Mungu amrehemu, alikataa, kwa sababu siku za kuiwasilisha zilikuwa zimekwisha. Daftari likaingia kabatini. Mahali pake ikachapwa karatasi moja safi yenye maoni saba ya kuusifu mchoro. Katika daftari sifa zilikuwa nne tu. Tatu zilitungwa.

Siku ya mkutano wa mji wa kuupitisha mchoro, ukumbi ulijaa. Karatasi ikasomwa, na wanawake waliokaa nyuma wakaanza kucheka, kisha wakaacha kucheka. Hapo Fundi akasimama. Alikuwa amelitoa daftari kabatini asubuhi ile. Akaomba ruhusa, akayasoma maoni yote mia moja themanini na sita, dhidi ya mchoro wake mwenyewe, na barua ya cheo bado haijatiwa saini. Ilimchukua zaidi ya saa moja. Lile la "arudi kwao" alilisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza kulikuwa na kelele.

Bi Zoubeida akainuka. Akauliza arudi wapi. Akasema huyu ni mtoto wa Bi Rahamatou wa mtaa wa pili, na tohara yake ilipikwa juu ya mafiga yale yale, yeye akichochea kuni, na kama mtoto huyu ni mgeni basi na moto ni mgeni. Halafu akamgeukia Fundi akamwambia aone haya. Watu walipiga makofi. Fundi alisema amekosa, kwamba alipima Ramadhani, na kwamba anaomba radhi.

Bustani ikachorwa upya. Migomo ya 1991 ikatuchelewesha, tukafungua Desemba 1992. Ua ukaondolewa, miti ikapandwa, mabenchi yakajengwa ya mawe, yanatazamana, kama wanavyokaa watu wa Ngazija kwenye uwanja wao wa mazungumzo. Mafiga tisa yamejengewa paa, na bomba la maji liko karibu. Chemchemi haikujengwa, na hajatokea mtu wa kuiulizia.

Lakini mkutano haukuishia kwenye makofi. Mkuu mmoja wa mji aliuliza nani aliyeyatunga yale maoni matatu ambayo hayakuandikwa na mtu. Mkubwa wetu aliangalia dari. Fundi akasema karatasi ile imetoka upande wa wachoraji na lawama aandikiwe yeye. Haikuingia akilini, mtu aliyeleta daftari awe ndiye aliyelificha, lakini alisema hivyo akakaa, na hakuna aliyeendelea kumuuliza. Alipata barua ya onyo. Cheo akapewa mwengine, na Fundi akakingoja miaka kumi na moja.

Karatasi ile niliichapa mimi.

Mficha uchi hazai, basi na niseme lote. Nilikuwa na miezi minne kazini, mume wangu kitandani mgonjwa, na mkubwa aliniambia nichape au niende zangu. Yale matatu niliyatunga kwa kichwa changu. Moja lilisema chemchemi itaburudisha macho ya wazee, na nakumbuka nililipenda. Herufi "e" ya taipureta yangu ilikuwa inaruka juu ya mstari, ofisi nzima inaijua. Fundi aliiona karatasi na akajua imetoka kwa nani. Jioni ya mkutano alikuja mezani kwangu na maelezo ya mchoro mpya, akaniomba niyachape, akanishukuru. Basi. Miaka ishirini na minane hajaligusa jambo hili, hata kwa mzaha, hata siku nilipomfokea kwa ajili ya sukari. Na mimi nilimwacha alibebe. Bi Zoubeida alifariki mwaka 2011 sijamwambia.

Aya hiyo nimeomba itiwe pia katika kurasa za Kimalagasi, neno kwa neno, nisije nikajificha nyuma ya lugha. Kijitabu hiki kitagawiwa kwenye sherehe, na sherehe itafanywa bustanini, mbele ya mtaa mzima. Atakayetaka kunisema, nitakuwepo.

Fundi Elamine, ofisi inakushukuru kwa ramani zako, na mji unakushukuru kwa bustani. Mungu akupe afya, wewe na wa nyumbani kwako, na siku ndefu zisizo na haja ya kupimwa. Mimi nakushukuru kwa mkate nilioula miaka ishirini na minane, nikalea wanangu nao, na kila siku nilijua ni wa nani. Nisamehe.