Fundi Aliyeikataa Saruji ya Mgongoni

Mpendwa wetu, Mzee Gaspari Pancras, alizaliwa tarehe 6 Januari 1958 huko Lukole, wilayani Ngara. Ilikuwa sikukuu ya Mamajusi, hivyo wazazi wake, Mzee Pancras na Mama Domisiana, hawakuhangaika kumtafutia jina; walimpa la mmoja wa Mamajusi hao.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1974, akashika mwiko wa ujenzi na hakuuachia tena. Hakumkabidhi mtu nyumba kabla ya kuzigonga kuta zote kwa kiganja, huku akisikiliza. Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa na Verediana, wakahamia Kaniha, Biharamulo, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 14 Novemba 2024, akiwa anapiga lipu, alianguka kutoka jukwaani. Pingili moja ya uti wa mgongo ilivunjika na kubonyea. Katika hospitali ya rufaa jijini Mwanza, daktari alimwonyesha vifaa: mirija myembamba ya kupitisha kwenye matundu madogo mgongoni, na kipira cha kujazwa ndani ya pingili ili kuinyanyua. Nafasi ambayo ingebaki ingezibwa kwa saruji ya mifupa. Hapakuwa na haja ya kuupasua mgongo.

Marehemu alisikiliza vizuri mpaka aliposikia saruji.

"Dokta, saruji isipomwagiliwa maji inapasuka. Huko ndani nani atanimwagilia?"

"Hii ni nyingine, mzee. Inakauka palepale."

"Kwa saruji huniambii kitu."

Wodi nzima ilicheka. Mama Verediana naye alicheka, wakarudi nyumbani na mkanda wa mgongo tu. Kicheko kile kinamuuma mno.

Maumivu yalimlaza kitandani, hata kuvuta pumzi ikawa kazi. Februari homa ya mapafu ikamwingia. Ndipo alipomwita binti yake, Teddy, akamwambia, "Mama, nirudisheni kwa yule dokta. Aniwekee."

Walimrudisha upesi, lakini mapafu yalikuwa yameshalemewa, na daktari alisema hawezi kumgusa mgongo mpaka yapone. Hayakupona. Alifariki dunia tarehe 2 Machi 2025, alasiri. Vifaa vilikuwepo, daktari alikuwepo, na yeye mwenyewe alikuwa amekubali.

Ameacha mjane, Verediana; watoto Teddy, Danstan na Happy; dada yake, Suzan; pamoja na wajukuu.

Mama Verediana ameomba tumalizie kwa maneno yake: "Baba Teddy, ningekubembeleza. Mungu akupokee, upumzike. Mgongo hauumi tena."