Mtu Mmoja Getini

Sogeeni kitandani, wanangu, binti huku na kaka yako huku, maana sauti iliyokuwa ikijaza uwanja mzima wa kiwanda cha nguo leo haifiki hata mlangoni. Nyumba ni yenu wote wawili, cherehani ni ya binti, vifaa vya ufundi vya baba yenu ni vya kaka, na hapo nisisikie ubishi.

Binti, umekuja kuniomba maneno ya kuwaambia wenzako wa kiwandani kwenye mkutano wa Jumatatu. Maneno sikupi, nakupa namna. Siku tuliyogomea kufungiwa kwa kufuli tukiwa kazini, nilipanda juu ya kreti nikaanza kwa sauti ya chini, hata wa nyuma wakalazimika kusogea. Sikumtukana meneja, maana ukimuumbua mtu mbele za watu, hawezi kukukubalia hata akitaka. Nilimuuliza tu, "Bwana meneja, moto ukiwaka sasa hivi, ufunguo anao nani?" Akapapasa mifuko yake, hakuuona. Jioni ile kufuli zikaondolewa, na mji mzima ukaniita Kipaza.

Lakini katika umati ule nilikuwa nikisema na mtu mmoja tu, baba yenu, aliyesimama getini. Nikianza kujisikia, alivua kofia, nami nikarudi kwenye hoja. Baada ya yeye kufariki nilipanda kwenye kreti mara moja tu, nikasema vizuri mno, wakapiga makofi; nikatazama getini, nikaona geti. Sijapanda tena.

Tangu hapo watu hunisalimia dirishani, "Shikamoo, Kipaza!" wakapita zao. Wanadhani mtu wa maneno mengi hana haja ya kuzungumzishwa. Kuna asubuhi nimeiuliza birika kama imeamka salama.

Mwanangu wa kiume, najua wewe na dada yako hamsemeshani tangu msiba wa baba yenu. Sikuombi mkumbatiane hapa kunifurahisha mimi. Jumatatu nenda ukasimame getini, akuone. Umesema nini? Sema kwa nguvu, masikio nayo yananiaga... Utaenda. Haya, nimesikia.

Mnizike karibu na baba yenu, na mtu asihutubie. Mungu awape ulimi wa kweli na subira ya kusikiliza. Radhi zangu mnazo... zote, sijabakiza.

Nimechoka. Maji... hapana, acha. Msiondoke bado. Sina la kuongeza, nanyi msihangaike kutafuta la kusema. Kaeni tu... hapo hapo. Kaeni.